5♥ juu ya 4♠ yetu, kisha shupaza 4 chini ya Ree: mniamulie na shemeji

MwalimuMstaafu (Tanga)

Wanakarata, salaam. Naomba mtuamulie, mimi na shemeji yangu aliye Maskati. Tunacheza bridge pamoja kwenye Bridge Base, mtandaoni, usiku wa Jumanne na Ijumaa, na tangu Ijumaa iliyopita WhatsApp yetu haina salamu wala habari za watoto, ina shupaza 4 tu.

Ilikuwa mechi ya timu, hesabu ya IMP (alama za kulinganisha meza mbili zinazocheza karata zilezile). Wao hatarini (zawadi na adhabu zao ni kubwa zaidi), sisi hatumo hatarini. Mimi nilikaa Kusini, nikashika hii:

♠ Mfalme 9 6 4
♥ 5
♦ 8 7 4 2
♣ Ree 8 3 2

Mnada (namba ni mizunguko unayoahidi kula zaidi ya sita, alama ni turufu; 4♥ ni mizunguko 10): Magharibi kafungua 1♥, shemeji (Kaskazini) 1♠, Mashariki akaruka moja kwa moja mpaka 4♥. Mimi 4♠. Pasi, pasi, halafu Mashariki huyohuyo akarudi na 5♥. Nikapiga dabo (kuzidisha malipo yao, au adhabu yao wakianguka). Wote pasi.

Shemeji akaanzia Ree ya shupaza. Dami (mkono wa Mashariki, unaofunguliwa mezani) ikalazwa:

♠ 2
♥ Malkia 9 6 2
♦ Ree Malkia Ghulamu 10 5
♣ 9 6 4

Nikaweka shupaza 4. Kwa akili yangu lugha ilikuwa wazi: dami ina shupaza moja, hapo hapaliki tena, kwa hiyo karata yangu haisemi habari za shupaza. Inasema hamia wapi. Ndogo kabisa ni pau.

Shemeji akatulia muda mrefu. Nikadhani intaneti ya kwake imekatika. Kumbe anafikiri. Akatoa Malkia wa shupaza.

Dami ikakata kwa turufu. Turufu zetu zikavutwa kwa raundi mbili. Kisha uru, tano, moja baada ya nyingine, na Magharibi akatupia juu yake pau zake zote mbili na shupaza yake ya mwisho. Mizunguko 12. 5♥ yenye dabo na moja ya ziada, 1050 kwao. Meza ya pili wenzetu wa timu, wakiwa na karata za Mashariki na Magharibi, walicheza 4♥ wakatimiza kamili, 620. Tofauti 430, tumelipa IMP 10.

Mkono wa shemeji:

♠ Ree Malkia Ghulamu 7 3
♥ 8 4
♦ 9 6
♣ Mfalme Ghulamu 10 5

Na wa Magharibi:

♠ 10 8 5
♥ Ree Mfalme Ghulamu 10 7 3
♦ Mfalme 3
♣ Malkia 7

Yaani pau mbili zilikuwa zetu, zimelala zinatungoja. Ree kwangu, Mfalme kwake.

Hoja za shemeji ni tatu. Kwanza, ningesema 5♠ mambo haya yasingetokea. Pili, 4 "haisomeki". Tatu, kuhamia pau kutoka Mfalme na Ghulamu ni kumzawadia mwenye mkataba Malkia wake. Nataka jibu la watu wasiotujua. Msinionee haya kwa sababu ya mvi, ila leteni hesabu.

---

Turufu_Saba

5♠ bila kupepesa. Wao hatarini, ninyi hamumo, halafu unawaachia wacheze? Hali hiyo inakuja mara moja kwa usiku. Ukiangushwa mbili kwa dabo ni 300 tu.

---

BintiKisauni (Mombasa)

Shikamoo Mwalimu. Naanza na mnada, ulinzi nawaachia wakubwa.

4♠ yako ilikuwa sahihi kabisa, 5♠ ingekuwa makosa, na sababu ya yote mawili ni hesabu ileile moja. Mfaransa Jean-René Vernes aliichapisha mwaka 1969, na Larry Cohen wa Marekani ndiye aliyeieneza hadi vilabuni miaka ya 1990: jumla ya mizunguko ambayo pande zote mbili zinaweza kula, kila upande ukicheza kwa turufu yake nzuri, hukaribia jumla ya turufu za pande zote mbili. Ni makadirio, lakini mezani hukosea kwa moja, mara chache mbili.

Ninyi mna shupaza 9. Wao kopa: una moja mkononi, shemeji yako kwa kawaida ana mbili hivi, kwa hiyo wao wana 10. Jumla 19.

Wakati wa 4♥: wakila 10, sisi tunakula 9. 4♠ ya dabo ikianguka moja ni 100, badala ya 620 za kwao. Umeokoa 520, IMP 11. Nani ataiacha hiyo?

Sasa 5♥. Twende mgawo kwa mgawo, tukichukulia kwamba 5♠ watatupiga dabo (watapiga).

Wao 11, sisi 8: 5♠ inaanguka tatu, 500. Tungewaacha wangepata 650. Tumeokoa 150, IMP 4.

Wao 10, sisi 9: 5♠ inaanguka mbili, 300 zinatoka mfukoni, na 100 za kuwaangusha 5♥ tumezitupa. Tumepoteza 400, IMP 9. Kama ungekuwa umeshapiga dabo ni 500, IMP 11.

Wao 9, sisi 10: tumelipa 100 na kuziacha 200. IMP 7 zimekwenda.

Turufu_Saba, kaka, umehesabu 300 unazolipa ukasahau zile ulizokuwa upokee. Kupanda mpaka 5♠ kunapata 4 kwa njia moja na kupoteza 9 au 7 kwa njia mbili. Na kwa karata hizi hasa wao wanakula 10 wakilindwa vizuri. Ninyi kwa shupaza mnakula 9, au 10 ukimkamata Malkia wa pau anayeanguka Magharibi akiwa na mwenzake mmoja. Kopa moja inatoka, uru mbili zinatoka, basi. Vernes hakukosea mbali.

Mnada wa ngazi ya tano waachie wao. Umeshawasukuma hadi hapo, kazi yako imekwisha.

---

Turufu_Saba

Sawa dada, lakini kama jumla ni 20? Watu wana mikono ya ajabu.

---

BintiKisauni

20 na wao 11: sisi 9, tunalipa 300 badala ya 650, IMP 8 tumeokoa. 20 na wao 10: sisi 10, tunalipa 100 na kuzikosa 100, tena 200 kama palikuwa na dabo. Sasa tazama mkono wa Mwalimu: uru 8 7 4 2, rangi ndefu isiyo na kitu, na Ree ya pau ambayo ni ya kulinda zaidi kuliko kushambulia. Ungenipa pau moja tu na uru zenye Mfalme na Malkia, ningekaa na kufikiri. Kwa mkono ule sifikirii.

---

MzeeWaDami (Nairobi)

Mwalimu, heshima yako. Nimekuwa nikikaa kwenye meza za bridge Nairobi tangu enzi ambazo daftari la pointi liliandikwa kwa penseli, kwa hiyo nitasema bila kupamba.

Ulinzi kwanza, maana ndiko IMP zilikozama.

Anza na kiti cha shemeji yako. Ree yake imekula. Anaona shupaza 2 imelala kwa dami. Mkononi mwake mwenyewe ana 3. Wewe umeweka 4. Sasa, karata gani ya shupaza iliyo ndogo kuliko 4 ambayo haioni? Hakuna. 2 ni ile, 3 ni hii hapa mkononi. Hiyo 4 ndiyo ndogo kuliko zote ulizoweza kuwa nazo. Anaposema haisomeki, sijui alitaka uandike nini zaidi. Kuna siku utaweka 6 ukimaanisha ndogo na mwenzako atajiuliza 5 iko wapi na 4 iko wapi. Siku hiyo mtaelewana vibaya na hapatakuwa na wa kulaumiwa. Ijumaa haikuwa siku hiyo.

Tena usingeweza kuwa na hiyo 4 peke yake. Ulimpandisha mpaka 4♠ mbele ya watu, una nne. Yeye tano, dami moja, wewe nne: Magharibi ana tatu. Kwa hiyo una hiari ya kuchagua karata, na aliyechagua ndiye anayesema.

Ishara hii ni ya Hy Lavinthal, Mmarekani, ya miaka ya 1930. Waingereza wengine wanaiita McKenney. Kubwa inaita rangi ya juu kati ya mbili zilizobaki, ndogo inaita ya chini, turufu haihesabiwi. Hapa zilizobaki ni uru na pau.

Lakini nitakwenda mbali zaidi: hata ungeweka karata ya kubahatisha, shemeji alipaswa kucheza pau. Atazame dami. Uru Ree Malkia Ghulamu 10 5. Yeye ana 9 na 6, mbili za kufuata tu. Mfalme wa uru ama ni wa Magharibi ama ni wako. Ukiwa nao wewe, ungeweka shupaza kubwa kuomba uru au kumtuliza. Umeweka ndogo, kwa hiyo Mfalme yuko Magharibi, na uru tano zinaanguka mara tu turufu zikivutwa. Magharibi ana uru mbili tatu mkononi, kwa hiyo juu ya zile zilizobaki anatupa chochote anachokichukia. Anachokichukia ni pau.

Basi hoja ya "nitampa Malkia wake" haina miguu. Chukua hali mbaya kuliko zote: Magharibi ana pau Ree na Malkia. Shemeji akicheza pau ndogo, Malkia anakula. Amepoteza nini? Asingecheza pau, Malkia yule angetupwa juu ya uru na mkataba ungetimia vilevile, mizunguko 12 vilevile. Huwezi kumzawadia mtu kitu ambacho tayari kiko mfukoni mwake. Mfalme wa pau anakuwa na thamani sasa hivi au hana thamani kabisa.

Halafu hesabu ya kawaida ya mlinzi: tunahitaji mizunguko 3. Ree ya shupaza moja. Mbili nyingine zitoke wapi? Shupaza, dami inakata. Kopa hatuna. Uru, anaziona. Zimebaki pau, na zikae Ree kwako Mfalme kwake. Kama hazikukaa hivyo, mkataba hauanguki hata mkicheza kwa macho wazi. Mlinzi huchukulia kwamba karata zimekaa kule kunakoangusha mkataba, kisha anacheza.

Karata yenyewe ni pau 5. Ndogo, inayoomba irudishwe. Dami ndogo, wewe Ree, Magharibi 7. Unarudisha 2, Magharibi Malkia, shemeji Mfalme. Tatu. Imeanguka moja, 200.

Kama alicheza Malkia wa shupaza ili kuipunguzia dami turufu, hoja hiyo siijadili. Dami ilikuwa na turufu nne na haikuhitaji hata mbili.

Sasa wewe, Mwalimu. Dabo.

Meza ya pili ni 620 kwetu, na kwa mikono hii 4♥ ndiyo kitu cha kutarajia mahali pengi. Bila dabo, 5♥ ikianguka moja tunapata 100, jumla 720, IMP 12. Kwa dabo 200, jumla 820, IMP 13. Umeongeza IMP 1.

Upande wa pili: 5♥ na moja ya ziada bila dabo ni 680 kwao. Tofauti na 620 ni 60, tunalipa IMP 2. Kwa dabo ni 1050, tunalipa 10.

Umeweka 8 rehani ili upate 1. Duka gani linauza hivyo?

---

MwalimuMstaafu

Mzee, nimepokea ya ulinzi na nimemtumia shemeji kama ilivyo, pamoja na alama za kuuliza.

Dabo bado naitetea. Mashariki aliruka 4♥, nikasema 4♠, mwenzake akapiga pasi, kisha yeye mwenyewe akarudi kuongeza. Mtu akishasema mkono wake wote kwa ruko moja, kurudi tena ni kukimbia. Na mimi nina Ree ya pau, pamoja na Mfalme katika rangi ya mwenzangu. Kama kila mtu ataogopa dabo, watu watatusukuma kila usiku bure.

---

MzeeWaDami

Mfalme wako wa shupaza hakula hata mara moja, na dalili zilikuwepo mnadani. Mashariki karuka 4♥ mbele ya 1♠ na kisha haogopi 5: ana shupaza moja au hana. Kwa hiyo katika zile pointi 7 zako (Ree 4, Mfalme 3), 3 zimekufa kabla dami haijalazwa. Una Ree moja ya kulinda. Mwenzako kasema 1♠, hajasema ana ulinzi pembeni. Alipofika zamu yake baada ya 4♠ alipiga pasi kwa sababu hakuwa na la kuongeza.

Kwenye mashindano ya jozi ningekuelewa. Pale unalinganishwa na meza zote, 100 dhidi ya 200 inaweza kukutoa katikati ya orodha hadi juu, na 1050 ni sifuri moja kama 680 ilivyo karibu na sifuri. Pale dabo ni halali yako. Kwenye timu, dabo ya kuangusha moja ngazi ya tano ni anasa.

---

ShemejiMaskati

Assalaam aleikum. Naona mshtakiwa amehukumiwa kabla ya kuitwa.

Kwanza, intaneti yangu ni nzuri kuliko ya Tanga.

Hilo la 2 na 3 nalikubali, sikulitazama kwa jicho hilo. Lakini nataka mnijibu jambo moja. Tumekubaliana na Mwalimu tangu mwanzo: mwenzako akianza na Ree, karata kubwa ni "endelea", ndogo ni "acha". Imeandikwa kwenye kadi yetu ya makubaliano, wapinzani wanaweza kuisoma. Hakuna mahali palipoandikwa Lavinthal. Yeye ndiye aliyebadilisha lugha katikati ya mazungumzo kisha ananilaumu kwa kutosikia. Kule barazani kwenye wahedsitini tungeweza kukonyezana, huku haturuhusiwi.

Na swali langu la kweli: tuseme nimekubali. Dami ina shupaza moja, karata ya mwenzangu inasema rangi. Je, akitaka niendelee na shupaza? Wakati mwingine kuikatisha dami ndiko kunakofaa.

---

BintiKisauni

Waleikum salaam shemeji. Mbona hata kwa lugha yenu ya zamani 4 ilikuwa "acha shupaza"? Umeambiwa acha, ukaendelea nayo.

---

ShemejiMaskati

Dada, nilijua swali hilo litakuja, nikatumaini halitakuja.

Nilikisia kwamba Mwalimu ana Malkia wa pau na Magharibi ana Ree. Kwa picha ile niliona pau haina faida, nikasema bora nikatishe dami.

---

MzeeWaDami

Kwa picha ile mkataba hauanguki, shemeji. Umecheza kwa picha ambayo hakuna karata inayokuokoa, ukaiacha ile moja inayokuokoa.

Swali lako la mwisho ni zuri, na ndilo la kuandika kwenye kadi. Kuna njia ya katikati. Mwalimu alikuwa na Mfalme 9 6 4. Gawanyeni hivi: kubwa isiyo ya kawaida, 9 au hata Mfalme mwenyewe, ni uru. Ndogo kabisa, 4, ni pau. Ya katikati, 6, ni "sina la kuomba, endelea ulivyopanga au cheza salama". Inafanya kazi pale tu mnapojua kwamba mwenzako ana karata za kuchagua, yaani alishapandisha rangi hiyo mnadani au mmeihesabu. Mwenye mbili tu hana ya katikati, kwa hiyo aliyeanza asome kwa tahadhari.

Na wekeni mpaka: lugha hii ianze dami ikiwa na moja au haina kabisa katika rangi iliyoanzwa, na dami ina turufu za kukatia. Dami ikiwa na mbili au tatu, rudini kwenye "endelea" na "acha". Dami ikiwa na moja lakini mkataba ni wa bila turufu, vilevile rudini, maana hapo hakuna wa kukata na shupaza zenu bado ni mali.

---

MwalimuMstaafu

Nimeiandika kwenye kadi, neno kwa neno, na shemeji ameweka kidole gumba. Swali moja tumebishana hapohapo: dami ina moja, lakini hiyo moja ni Mfalme, na Ree yetu imemla. Lugha ni ipi?

---

MzeeWaDami

Ileile. Kinachohesabiwa ni kwamba raundi ya pili dami inakata.